Zinki-nikeli kwa karakana ndogo ya Arusha: kubaki kati ya asilimia 12 na 15

Lala chini ya gari lolote la utalii linaloenda Ziwa Natron mara kwa mara, uangalie yubolti za springi, vibano vya bomba za breki na nati za stebilaiza. Utaona unga mweupe, na pembeni yake madoa mekundu yameshaanza, hata kama vitu hivyo vilinunuliwa vipya vikiwa vinang'aa. Vumbi la kule lina magadi na chumvi. Linajibana kwenye pembe na kwenye hesi, na likipata umande au maji kidogo ya kuoshea gari linageuka tope la chumvi lililogandia chuma. Zinki ya kawaida ya mikroni 5 hadi 8, ambayo ndiyo ipo kwenye bolti nyingi za madukani, haina ubavu wa kukaa hapo muda mrefu.

Aloi ya zinki na nikeli inakaa. Kwa unene uleule wa mikroni 8 hadi 10, ikiwa na pasivesheni nzuri juu yake (utando mwembamba wa kemikali unaochelewesha kipako kuliwa), viwanda vya magari huidai ifike saa 720 au zaidi kwenye kabati la mvuke wa chumvi kabla ya kutu nyekundu kutokea. Kipimo hicho ni cha ISO 9227: maji yenye chumvi asilimia 5, joto la nyuzi 35. Saa hizo usizigeuze kuwa miaka ya barabarani, maana kabati halina matope, kokoto wala jua. Zinafaa kulinganisha kipako na kipako, basi.

Ila sifa yote hiyo inasimama juu ya namba moja: nikeli iwe asilimia 12 hadi 15 ya kipako. Ukitoka nje ya hapo unauza zinki ya bei ghali, au kitu kibaya kuliko zinki. Karibu kila hatua iliyoandikwa hapa chini ipo kwa ajili ya kulinda namba hiyo.

Kinachotokea ndani ya kipako

Zinki hulinda chuma kwa kuliwa badala yake. Kwenye mizani ya volti, zinki iko −0.76, chuma −0.44, nikeli −0.25. Tofauti kati ya zinki na chuma ni kubwa, kwa hiyo zinki inalinda kwa nguvu lakini inaisha upesi. Ukiichanganya na nikeli kiasi, aloi inasogea karibu na chuma bila kukipita: bado ndiyo inayoliwa kwanza, ila polepole. Kati ya asilimia 12 na 15 kipako chote kinakuwa na muundo mmoja wa fuwele, ule unaoandikwa Ni5Zn21, na ndio unaovumilia vizuri zaidi. Chini ya asilimia 10 unapata mchanganyiko wa muundo huo na zinki tupu, na zinki tupu inaanza kuliwa peke yake ndani ya kipako. Juu ya asilimia 17 au 18 matatizo yanakuwa mawili: dawa ya pasivesheni inagoma kushika, na aloi inakaribia kuwa sawa na chuma kwenye ile mizani. Ikifika huko haimlindi mtu. Mkwaruzo mmoja wa spana unatosha kutu kuanza kula chuma chini yake.

Maji ya aina gani kwenye tangi

Kipako hiki hujengwa kwa kupitisha umeme kwenye tangi la myeyusho, na kuna njia mbili kuu, ya asidi na ya alkali. Ile ya asidi, yenye kloridi za zinki na nikeli, pH kati ya 5 na 6, ina ufanisi wa mkondo wa asilimia 90 na kitu na inapaka vizuri hata chuma cha kusubu. Tatizo lake ni kwamba unene unabadilika sana kati ya ncha na shimo, na unahitaji anodi (vipande vya upande chanya wa umeme) za zinki na za nikeli zinazoendeshwa na rektifaya (mashine za kugeuza umeme kuwa DC) tofauti ili zisiyeyuke kwa uwiano mbaya. Kwa karakana ya pale Unga Limited au Njiro inayoanza, ningesema achana nayo.

Ya alkali ni ya polepole. Karibu nusu ya umeme unaishia kutoa hidrojeni. Lakini kipako kinaingia ndani ya kona ya yubolti karibu sawa na nje, na asilimia ya nikeli haiyumbi sana hata mkondo ukitofautiana kati ya ncha na katikati ya kipande. Kwa namba yetu ya 12 hadi 15, hilo linalipa uvivu wake.

Kwa tangi la lita 200, kianzio kinachofanya kazi ni hiki: zinki gramu 8 kwa lita, nikeli gramu 1.2 kwa lita, kostiki soda gramu 120 kwa lita. Kwa mizani hiyo ni oksaidi ya zinki kilo 2, salfeti ya nikeli yenye maji sita ya fuwele kilo 1.07, na kostiki kilo 24. Juu yake kuna kemikali za jamii ya amini zinazoshika nikeli isizame, na dawa ya kung'arisha. Hizi mbili zifuate karatasi ya muuzaji kwa gramu, kwa sababu kila kampuni ina mchanganyiko wake na hazichanganyiki kutoka kampuni moja kwenda nyingine.

Namna ya kuchanganya ndiko watu wanakoharibu. Weka maji lita 60 kwenye pipa la chuma cheusi, kisha ongeza kostiki kidogo kidogo huku ukikoroga, ukiacha ipoe katikati. Ukimwaga kilo 24 zote kwa mpigo, joto linalotoka linatosha kuyafikisha maji hayo karibu na kuchemka, na kostiki inayorukia usoni haina msamaha. Kamwe usimwage maji juu ya kostiki. Sufuria au ndoo ya alumini isikaribie kabisa, inaliwa ikitoa hidrojeni. Ndoo ya bati vilevile. Myeyusho ukiwa bado wa moto na mzito, koroga oksaidi ya zinki na maji hadi iwe uji mwepesi, kisha uingize. Ikibaki nyeupe kama maziwa, haijayeyuka. Endelea kukoroga hadi uone kitako cha pipa. Ukishapunguza kwa maji mengi, oksaidi iliyobaki itakuwa ngumu kuyeyuka.

Nikeli inatengenezwa kando. Yeyusha salfeti kwenye lita tano za maji safi, utapata kijani cha kung'aa. Mimina amini humo taratibu, na rangi inahama kutoka kijani kwenda bluu hadi zambarau. Hiyo zambarau ndiyo dalili kwamba nikeli imeshikwa. Ndipo inaingia kwenye tangi, baada ya ule myeyusho wa zinki kupoa na kupunguzwa. Ukiona mabonge ya kijani kama mchicha uliosagwa yanaelea, nikeli imeingia kwenye kostiki bila mshikaji wake na imekuwa haidroksaidi. Kuirudisha ni kazi ngumu. Mara nyingi unaichuja, unaihesabu kama hasara, na unapima upya.

Kabla ya kazi ya mteja, ning'iniza bati lililokunjwa mawimbi na ulipake kwa mkondo mdogo, ampea 0.2 hadi 0.5 kwa desimita ya mraba, usiku kucha. Uchafu wa shaba na risasi ulioletwa na kemikali utaganda kwenye mabonde ya bati hilo.

Maji ya bomba, ya kisima na ya mvua

Maji ya miteremko ya Meru yanajulikana kwa floridi, na visima vingi vya Arusha vinapita miligramu 1.5 kwa lita inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kwa meno ya watoto hilo ni jambo kubwa. Kwa kazi hii kinachosumbua zaidi ni bikaboneti ya sodiamu inayokuja pamoja nayo. Ndani ya tangi la kostiki inageuka kaboneti papo hapo. Kwenye kipande kilichosuuzwa inakauka na kuacha madoa meupe, na ikibebwa hadi kwenye beseni la pasivesheni inapandisha pH kidogo kidogo hadi rangi inapotea. Moshi wana nafuu, maji ya chemchemi za Kilimanjaro kwa kawaida ni mepesi zaidi, ila pima hata hayo.

Kwa kuchanganya tangi na kwa suuzo la mwisho, maji ya mvua yanatosha. Acha dakika kumi za mwanzo za mvua zipite na vumbi la paa, kusanya yanayofuata, chuja. Zinki kidogo inayotoka kwenye mabati haina neno, tangi lenyewe ni la zinki. Kipimo cha TDS, yaani cha chumvi zilizoyeyuka kwenye maji, ni kidogo na hakina gharama kubwa: kwa suuzo la mwisho nataka kisome chini ya 50. Suuzo za katikati zinaweza kutumia maji ya bomba bila shida.

Anodi na kikapu cha zinki

Kwenye tangi hili hutundiki zinki kama anodi. Unatundika bamba la nikeli au la chuma lililopakwa nikeli, ambalo haliyeyuki. Zinki inajazwa kutoka tangi dogo la pembeni: kikapu cha chuma chenye vipande vya zinki safi kilichozamishwa kwenye myeyusho uleule, na pampu ya plastiki inayozungusha maji kati ya matangi mawili. Zinki ikigusana na chuma ndani ya kostiki inayeyuka yenyewe bila umeme wa nje.

Inayeyuka hata usiku. Hapa ndipo asilimia 13 ya Ijumaa inakuwa asilimia 10 ya Jumatatu. Kikapu kikiachwa ndani wikiendi nzima, zinki inapanda, nikeli iko palepale, uwiano unavunjika, na kipande cha kwanza cha wiki kinatoka king'avu na kizuri kwa macho huku hakina maana. Kwa kianzio chetu uwiano wa zinki kwa nikeli ndani ya maji ni kama 6.7 kwa 1, na hauko mbali na ule unaotakiwa kwenye kipako. Kwa hiyo kikapu kinatolewa kila jioni, kinasuuzwa, kinatundikwa. Andika ukutani kama fundi wako ni msahaulifu.

Nikeli nayo inashuka kwa kupaka. Chukua fungu la yubolti kumi za fito ya milimita 14, kila moja ina urefu wa sentimita 50 ukiinyoosha. Eneo la moja ni 3.14 × 1.4 × 50, yaani sentimita za mraba 220, au desimita 2.2. Zote kumi ni 22. Kwa ampea 2 kwa desimita ya mraba unaweka ampea 44. Kwa ufanisi wa asilimia 50, mkondo huo unajenga kama mikroni 0.28 kwa dakika: mikroni 8 ni dakika 28, mikroni 10 ni dakika 35. Fungu la mikroni 10 limechukua aloi kama gramu 16, ndani yake nikeli gramu 2 na kidogo. Tangi zima lina nikeli gramu 240 tu. Mafungu kumi kwa siku yameondoa karibu asilimia 9 ya nikeli yote. Anayesubiri mwisho wa wiki ndipo aongeze, amekwisha toka nje ya ile 12 hadi 15 siku mbili nyuma.

Dawa yake ni mita ya ampea-saa, yaani ampea mara saa zilizopita. Fungu lile la dakika 35 ni ampea-saa 26. Baada ya kila ampea-saa 100 ongeza nikeli iliyoshikwa na dawa ya kung'arisha kwa kiasi kilichoandikwa na muuzaji, ukianza na kama gramu 8 za nikeli kwa ampea-saa 100 na kurekebisha kwa vipimo vya maabara. Sampuli ya mililita 100 kwenda maabara yenye mashine ya AAS (inayopima kiasi cha metali ndani ya myeyusho) kila wiki si anasa.

Kuhusu umeme wenyewe: mashine ya kuchomelea haifai. Volti yake haishuki hadi 4 au 8 zinazohitajika, na mkondo wake una mawimbi mengi yanayoleta kipako chenye mchanga na kuungua kwenye ncha. Tafuta rektifaya ya volti 12 ampea 100 yenye mawimbi chini ya asilimia 5. Umeme ukikatika katikati ya fungu, usisubiri urudi huku vipande vikiwa ndani. Uso unapata utando, na tabaka litakalojengwa juu yake litabanduka kama ganda la kitunguu. Toa, suuza, chovya sekunde chache kwenye asidi hafifu, suuza, rudisha.

Joto la tangi ni nyuzi 22 hadi 28. Asubuhi za Juni na Julai Arusha tangi linaweza kukutwa chini sana ya hapo, na kipako kitatoka kwa kusuasua. Hita ya kuzamisha yenye thamostati inatosha. Moshi mwezi wa Februari shida ni kinyume: joto likipanda, nikeli kwenye kipako nayo inapanda na dawa ya kung'arisha inaisha haraka. Bomba la plastiki lililozungushwa ndani ya tangi likipitisha maji baridi linasaidia.

Kusafisha

Kipako kinachobanduka mara nyingi kiliharibika kabla ya kufika tangini. Ondoa grisi kwenye sabuni ya alkali ya nyuzi 60 hadi 70, dakika 5 hadi 10. Suuza, kisha inua kipande na utazame maji yanavyoteremka. Yakibaki utando mmoja kwa sekunde 30, kisafi. Yakikusanyika matone, bado kuna mafuta, rudi nyuma. Jaribio hili halihitaji senti na linarukwa kila siku.

Kutu na magamba ya moto yanatolewa na asidi ya hidrokloriki, nusu kwa nusu na maji, yenye kizuizi kinachozuia asidi isile chuma chenyewe. Dakika 2 hadi 10, usizidishe. Kisha usafishaji wa umeme kwenye alkali, kipande kikiwa upande chanya, ampea 5 hadi 8 kwa desimita ya mraba kwa dakika moja au mbili, suuza, asidi ya asilimia 5 hadi 10 kwa sekunde 15 hadi 30, suuza mara mbili, chovya kwenye kostiki ya gramu 50 kwa lita ili usibebe asidi tangini, ingiza moja kwa moja. Kati ya hatua na hatua kipande kisikauke.

Springi na bolti ngumu zisiguse asidi kama unaweza kuepuka. Zipige mchanga badala yake.

Hidrojeni, na kuoka

Asidi na tangi lenyewe vinaingiza hidrojeni ndani ya chuma. Kwa chuma laini hakuna tatizo. Kwa chuma kigumu, bolti inaweza kufungwa leo vizuri na kukatika kichwa kesho gari likiwa limeegeshwa tu. Alama iliyo kichwani ndiyo inakuongoza: 8.8 haihitaji kuokwa, 12.9 lazima, na 10.9 mimi ningeoka hata kama si wote wanaodai. Oka kwa nyuzi 190 hadi 220, anza ndani ya saa nne tangu kutoka tangini, si chini ya saa nane zinazohesabiwa tangu kipande chenyewe kifikie joto hilo. Kipima joto kifungwe kwenye bolti iliyo katikati ya fungu. Namba ya mlangoni inasema kuhusu hewa ya oveni. Na oveni hiyo isirudi kuoka mikate.

Kuoka kunatangulia pasivesheni, kwa sababu joto hilo linaipasua. Baada ya kuoka, chovya kidogo kwenye asidi hafifu kuamsha uso, ndipo uendelee.

Pasivesheni itumike ya kromu tatu iliyotengenezwa mahususi kwa zinki-nikeli. Ile ya zinki tupu haishiki sawasawa. Kromu sita ya njano ya zamani inasababisha saratani na soko la magari la Ulaya lilishaiacha. Hakuna sababu ya kuianza leo. Fuata pH ya muuzaji na uipime kila asubuhi, ukikumbuka ile bikaboneti. Suuza, weka kipako cha mwisho chenye kilainishi, kausha kwa nyuzi 60 hadi 80 dakika 15. Bila kilainishi, nati inakaza kwa msuguano mkubwa: spana ya kupimia itabofya kwa namba sahihi huku bolti haijavutika vya kutosha.

Hesi

Hili linasahaulika hadi nati inapogoma. Kwenye hesi za pembe ya nyuzi 60, kila mikroni moja ya kipako inaongeza mikroni nne kwenye kipenyo cha katikati cha hesi. Bolti ya M12 ya hesi za kawaida, daraja 6g, imeachiwa nafasi ya mikroni 34. Mikroni 8 za kipako zinachukua 32, inapita. Mikroni 10 zinachukua 40, na bolti iliyokuwa kwenye ukubwa wa juu kabisa inaweza kugoma kuingia kwenye nati, hata isiyopakwa. Na ncha ya bolti ndiyo hupata mkondo mwingi, hivyo ukipima mikroni 8 katikati ya fito, hesi zinaweza kuwa na zaidi. Pima kwenye hesi kwa geji ya nati, usiridhike na kipima unene cha kwenye fito.

Ukiona hivi

Malengelenge baada ya siku mbili tatu ni grisi au hidrojeni. Kata kipande kimoja cha fungu, oka nyuzi 150 nusu saa, tumbukiza kwenye maji baridi. Kama kitabanduka, kitabanduka hapo badala ya kwa mteja. Ncha zilizoungua na kuwa za kijivu: mkondo mkubwa, zinki imeshuka, au dawa imepungua. Mabonde meusi: shaba au risasi, rudi kwenye lile bati la mawimbi. Pasivesheni inayotoka na mabaka: shuku nikeli imepita 17 kabla hujalaumu dawa ya pasivesheni.

Seli ya Hull, yaani tangi dogo la majaribio la mililita 267, inaonyesha mengi ya haya kwa bati moja, ampea 2 kwa dakika 10, maana bati limewekwa mshazari na linakupa mkondo mkubwa na mdogo kwa pamoja. Kujua kama nikeli ipo kabisa, tone la dimethilglioksimu lenye amonia kidogo kwenye sehemu iliyoguswa na asidi linageuka jekundu. Asilimia halikuambii. Kwa asilimia unahitaji mashine ya XRF (inayopima kipako kwa miali ya eksirei) au kuyeyusha kipako na kukipeleka AAS.

Kuna tatizo moja linalokuja taratibu: kaboneti. Kostiki inanyonya hewa ya kaboni, na amini zinaoksidishwa kwenye anodi. Ikipita gramu 60 kwa lita, tangi linakuwa zito, linapaka polepole na volti inapanda. Hayo ni magadi yaleyale ya Natron, na yanatoka kwa baridi. Poza lita 20 kwa zamu ndani ya ndoo ya plastiki kwenye friza isiyotumika kwa chakula, hadi karibu nyuzi 2. Fuwele zitakaa chini kama barafu ya mchanga; mimina maji ya juu yarudi tangini, fuwele zibaki kwenye taka.

Taka

Maji ya suuzo ya zinki-nikeli hayasafiki kwa chokaa peke yake. Chokaa inazamisha nikeli iliyo huru, lakini hii imeshikwa na amini na inapita kwenye mchanga ikiwa imeyeyuka, maji yakiwa yameonekana safi. Inahitaji kemikali ya salfaidi au dithiokabameti kuivunja. Yasielekezwe mtaroni kwenda mto Themi au Karanga kwa sababu tu hayana rangi.

Jambo la pili ni zito zaidi. Amini zinapoungua kwenye anodi zinatoa, pamoja na kaboneti, sianidi kidogo kidogo. Tangi lililofanya kazi miezi kadhaa linaweza kuwa nayo bila mtu kuinunua wala kuiweka. Kwa hiyo myeyusho wa zamani usikutane na asidi ya kusafishia hata kwenye ndoo ya taka: gesi inayotoka inaua. Mapipa mawili tofauti, rangi mbili, na mtaro wa asidi usiungane na wa alkali popote sakafuni. Feni ya kutolea hewa iwe juu ya tangi muda wote wa kupaka, kwa ajili ya ukungu wa kostiki na ile hidrojeni. Cheche zisiwepo karibu. Usajili wa kemikali uko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na masuala ya mazingira kwa mamlaka ya mazingira ya taifa, na wote wawili watauliza kwanza taka zinakwenda wapi.

Usipake kitu kinachogusa chakula. Watu wa kahawa wa Moshi huuliza kuhusu sehemu za mashine za kumenyea, kwa sababu zinaoza kwa kutu kila msimu. Majimaji ya kahawa inayochacha ni asidi, yatakula kipako hiki na kuondoka na nikeli. Hapo nunua chuma cha pua.